Maneno ya Kiingereza ya Kutumia Badala ya Matusi, Yajue Kabla Hujajiaibisha Kazini

Chukua mfano huu. Kijana amepata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kiingereza anacho, tena kile cha kutiririka, kajifunza kwenye muvi na nyimbo. Wiki ya pili tu kazini, kabeba trei ya juisi ya kuwakaribishia wageni. Glasi moja inateleza, paa! Mbele yake kasimama mama mmoja wa Kizungu na watoto wake wawili.

Neno linalomtoka kijana ni lile linaloanza na S. Kalitamka kwa sauti, na kwa lafudhi safi kabisa ya Kimarekani.

Yeye moyoni kasema "ala!" tu. Yule mama kasikia kitu kingine kabisa. Glasi ni pesa ndogo, lakini neno lile likiandikwa kwenye maoni ya wageni mtandaoni, meneja akalisoma, kijana ana kesi ya kujibu.

Wengi wetu tuko kama huyu kijana. Si kwamba tuna tabia mbaya, ila tumeyaokota maneno bila kuambiwa uzito wake. Makala hii inakupa maneno ya kushika badala yake, kila hali na neno lake. Yale makali hatutayaandika hapa. Tutasema "neno la F", "neno la S", na kadhalika. Unayajua.

KWA NINI TUSI LA KIINGEREZA HALITUUMI

Tusi la Kiswahili unaujua uzito wake kwa sababu ulilipia. Ulilitamka utotoni mbele ya mama au shangazi, ukala kofi, na hadi leo ukilisikia mwili unakumbuka.

Kiingereza hatukukipata hivyo. Darasani mwalimu hakufundisha matusi. Tukaja kuyakuta kwenye muvi, ambako kila mtu anatukana na hakuna anayechapwa. Ndiyo maana mtu mzima na heshima zake, ambaye hawezi kutamka tusi la Kiswahili hata kwa bunduki, anatamka neno la F mbele ya wakwe bila wasiwasi.

Hili limechunguzwa na wataalamu. Jean-Marc Dewaele, profesa wa London aliyewafuatilia kwa miaka mingi watu wanaozungumza lugha zaidi ya moja, alionyesha kwamba kwa kawaida matusi ya lugha ya kwanza ndiyo yanayogonga moyo zaidi. Mwaka 2003 watafiti wengine waliwapima Waturuki waliojifunza Kiingereza ukubwani, wakaangalia jinsi ngozi inavyoitikia. Maneno makali na makaripio ya Kituruki yaliwasisimua kuliko ya Kiingereza.

Kwa kifupi, wewe hulisikii lakini mwenye lugha analisikia. Uzito wa neno anaupima msikilizaji.

Na usidanganyike na muvi ukadhani Wazungu wote wanaongea vile. Marekani, muvi ikiwa na neno la F zaidi ya mara moja, kwa kawaida haipewi tena daraja la PG-13, inapanda hadi R, ambalo mtoto chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Redio na televisheni za kawaida za huko haziruhusiwi kurusha lugha chafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Uingereza nako mpaka ni saa 3 usiku, watoto wakiwa wamelala. Mamlaka ya utangazaji ya huko, Ofcom, imewahi hata kuwahoji wananchi na kuyapanga maneno kwa uzito, kuanzia hafifu hadi makali.

Sasa kama wenyewe wanayafungia maneno haya mpaka watoto walale, wewe unayatamka mapokezi saa 4 asubuhi kwa nini?

WENYEWE NAO WANA TAFSIDA

Shuleni tulifundishwa tafsida: husemi mtu "kafa", unasema "amefariki", husemi unaenda kufanya nini chooni, unasema "naenda kujisaidia". Kiingereza nacho kina tafsida za hasira. Wanachukua tusi, wanalikata au kulipinda katikati, linatoka neno jingine lisilo na kosa.

Mchezo huu ni wa kale. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 yeyote atakayelitaja bure jina la Mungu kwenye mchezo wa jukwaani. Pauni 10 zama hizo zilikuwa pesa ndefu. Watu walikuwa na njia zao za kulizunguka jina hilo. "God" likawa "gosh", "Jesus" likawa "gee", "damn" likawa "darn", "hell" likawa "heck".

Hata ule msemo "what the dickens" haumhusu mwandishi Charles Dickens. "Dickens" ni jina la kumkwepa shetani, na Shakespeare alilitumia kwenye mchezo wa The Merry Wives of Windsor zaidi ya miaka 200 kabla Dickens hajazaliwa mwaka 1812.

Siku hizi mchezo unaendelea kwenye muziki. Mwaka 2010 CeeLo Green alitoa wimbo wenye neno la F kwenye jina lake. Redioni ukapigwa kwa jina la "Forget You". Herufi ya kwanza ileile, wimbo uleule, na mtoto anaweza kuuimba.

Na sisi tunao mchezo huo. "Kudadeki" wengi tunalitamka kama utani, lakini mzee akilisikia anakunja uso, maana anajua limekatwa kutoka wapi. Likumbuke hilo neno, tutalirudia.

1. UKISHTUKA AU KUSHANGAA

"Oh my goodness!" Hili ndilo la kulishika kwanza. Ni "Mungu wangu!" bila kumtaja Mungu. Linafaa kwa bosi, mteja, mchungaji, mtoto.

"Oh my gosh!" Ni jepesi zaidi, la vijana na marafiki. Kazini linapita.

"Wow!" Kwa jambo zuri tu. Mgeni akikwambia kafiwa usiseme "wow".

"Oh dear!" Waingereza wanalipenda. Ni kama "masikini!" au "jamani!" ya huruma. Mgeni kapoteza begi uwanja wa ndege, mwambie "Oh dear, I'm so sorry to hear that."

"Jeez", "crikey" na "blimey" yaelewe ukiyasikia, lakini si lazima uyatumie. La kwanza limetokana na Jesus, la pili na Christ, la tatu ni kifupi cha maneno ya kale ya kumwomba Mungu akupofushe. "Crikey" na "blimey" ukiyasema wewe, utasikika kama babu wa Kiingereza wa miaka hiyo.

Angalizo: "Oh my God" na "Jesus Christ" kwa mshangao si matusi kama neno la F, ila kwa Wakristo wengi washika dini ni kulitaja bure jina la Mungu. Wapo hata wanaokwazika na "gosh", kwa kuwa wanajua limetoka wapi. Ukiwa na mgeni wa kanisa, kaa kwenye "oh my goodness" au "oh dear".

2. UKIKOSEA, UKIANGUSHA KITU, UKIJIGONGA

"Oops!" Kosa dogo: umemwaga maji, umebonyeza kitufe kisicho chenyewe. Kwa kosa kubwa halitoshi. Ukigonga gari la mtu ukasema "oops", umemwongezea hasira.

"Oh no!" Hili linabeba kubwa na dogo, na halimkwazi mtu yeyote popote duniani. Kama kichwa chako kinaweza kukumbuka neno moja tu, chukua hili.

"Ouch!" Hutamkwa "auch". Ni la maumivu, pale kidole kikibanwa na mlango.

"Shoot!" Limewekwa makusudi badala ya neno la S, ndiyo maana linaanza na sauti ileile. Wamarekani hulitumia hata mbele ya watoto. Ila "shoot" maana yake nyingine ni kupiga risasi, kwa hiyo ukiwa porini na watalii, askari wa wanyamapori kasimama na bunduki begani, wewe sema "oops" yaishe.

"Sugar!" Ni "shoot" ya Waingereza. Ndiyo, sukari. Mama wa Kiingereza akiunguza keki utamsikia.

"Darn!" au "Darn it!" Limetoka kwa "damn". Ni la kujilaumu: umesahau funguo, umechelewa boti. Ukiwa na wenzako ni sawa, kwa mteja kaa kwenye "oh no".

3. UKIKASIRIKA

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu hasira haisubiri utafute neno.

"For goodness' sake!" na "For heaven's sake!" yanabeba hasira ya kweli bila uchafu. Ni kama "jamani eeh!" ya mtu aliyechoshwa. Lakini usimtupie mteja wala bosi. Si matusi, ila sauti yake ni ya karipio.

"What the heck?" limelainishwa kutoka kwa "what the hell". Kwa rafiki ni sawa. Kwa mtu usiyemjua bado lina makali.

Tena kwa Kiingereza cha kazini silaha nzito kabisa si neno la mshangao, ni sentensi kamili iliyotulia. Mteja hajalipa miezi mitatu? Andika "I am very disappointed." Mzigo umefika umevunjika? "This is not acceptable." Bosi amekudhalilisha mbele ya wenzako? Msubiri muwe wawili, kisha: "I was upset by what you said."

Msomaji anaweza kusema hizo ni sentensi za upole mno. Hapana. Mwingereza akiandika "disappointed" kwenye barua ya kazi, jua mambo yameharibika. Ukitukana, mazungumzo yanahamia kwenye tusi lako na deni lako linasahaulika. Ukiandika hivyo, deni linabaki palepale mezani.

4. UKITAKA KUKAZIA MANENO

Vijana wengi hulitumia neno la F kama chumvi, kila sentensi linanyunyizwa. Chakula ni F kitamu, joto ni F kali.

Badala yake sema "so", "really" au "absolutely". "The food is absolutely delicious." Hilo la mwisho lina nguvu kuliko chumvi yote ya matusi, na kwenye usaili linakupandisha.

"Freaking" na "flipping" ni mbadala wa moja kwa moja wa neno la F. La kwanza ni la Kimarekani, la pili la Kiingereza cha Uingereza. Kwenye stori na marafiki hayana shida. Lakini kumbuka "kudadeki": kila anayelisikia anajua nyuma yake kajificha nani. Usilipeke ofisini.

5. UKITAKA KUSEMA HUO NI UPUUZI

Badala ya lile la kinyesi cha ng'ombe dume, linalofupishwa B.S., una "nonsense". Marekani wanasema pia "garbage", Uingereza "rubbish". Yote matatu hayana uchafu, lakini ukimwambia mtu usoni ni makali.

Kwenye kikao, sema "I don't think that's right" au "I see it differently." Umempinga mtu na heshima yake umemwachia.

"Crap" wengi wanadhani ni safi kwa kuwa lipo kwenye muvi za familia. Ni hafifu kweli, lakini bado ni la chooni. Liache nyumbani.

6. UKITAKA MTU AKUACHE AU ANYAMAZE

"Shut up" si tusi kwa kamusi, ila ni ufedhuli, sawa na "funga bakuli lako". Kwa mtoto sema "Quiet, please." Kwa mtu mzima: "Could you give me a moment?"

Anayekung'ang'aniza biashara, mwambie "No, thank you. I'm fine." Akizidi: "Please leave me alone." Hiyo "please" haipunguzi ukali. Ukiitamka taratibu ukimtazama, inaongeza.

"Get lost" haina neno chafu lakini ni kumfukuza mtu kama mbwa.

7. MANENO YASIYO NA MBADALA, YAACHE TU

Neno la N. Vijana wetu wanaitana hivyo mtaani kwa mapenzi, kwa sababu wanalisikia kwenye hip hop. Neno hili lilitumika kuwadhalilisha watu weusi enzi za utumwa na ubaguzi Marekani. Wamarekani weusi wenyewe hawajakubaliana kama linafaa kutamkwa hata baina yao. Ukimwita hivyo mgeni mweusi kutoka Marekani ukidhani unamkaribisha nyumbani, unaweza kumtonesha kidonda. Sema "my brother", "bro", "my friend" au "my sister".

Neno la B, la mbwa jike. Kwenye nyimbo linatumika kama "demu". Mwanamke usiyemjua akilisikia, kwake ni tusi. Hata "boss" ukilibandika mbele, bado ni lilelile.

"Retarded". Hili lilikuwa neno la kitabibu kwa watu wenye ulemavu wa akili, likageuka tusi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Rosa's Law kuliondoa kwenye sheria za serikali kuu. Kundi la Black Eyed Peas nalo, miaka michache kabla, lilirekodi upya wimbo uliokuwa na neno hilo. Redioni tukaujua kama "Let's Get It Started".

"Stupid" na "idiot" si matusi mazito kwa Kiingereza, lakini hapa kwetu "stupid" linauma, watu wamepigana kwa ajili yake. Ukitaka kukosoa, kosoa kitendo: "That was a mistake." Mtu muache.

8. MATUSI YANAYOTOKA KWA BAHATI MBAYA

Hapa huna nia mbaya kabisa, ni matamshi tu. Kiswahili kina sauti moja ya I. Kiingereza kina mbili, ndefu na fupi, na kati yake ndimo matusi yalimojificha.

"Beach" ukiikata fupi, umesema neno la B. Yaani unamwambia mgeni "our beach is very clean", yeye anasikia kitu kingine. "Sheet", liwe shuka au karatasi, ukiikata inakuwa neno la S. "Piece" ukiikata, inakuwa neno la kukojoa.

Dawa ni kuvuta. Wewe unajua tofauti ya "mti" na "mtii". Basi vuta hivyohivyo: "biich", "shiit", "piis". Vuta hata kupita kiasi. Heri mgeni aone unaongea polepole.

Kama bado huna uhakika, zunguka. Badala ya "sheets" sema "bed linen". Badala ya "sheet of paper" sema "some paper". Na "can't" kwa matamshi ya Uingereza ikikatwa vibaya inakaribia tusi kubwa kuliko yote. Sema "cannot", umemaliza.

9. UINGEREZA NA MAREKANI HAWAFANANI

"Bloody" kwa Mmarekani ni "-enye damu" tu. Kwa Mwingereza lilikuwa tusi la kutisha. Lilipotamkwa jukwaani London mwaka 1914 kwenye mchezo wa Pygmalion wa Bernard Shaw, lilizua gumzo mji mzima. Leo limepoa, lakini halijafa. Mwaka 2006 tangazo la utalii la Australia lenye neno hilo lilizuiwa kwanza kwenye televisheni za Uingereza.

"Pissed" kwa Mmarekani ni kukasirika, kwa Mwingereza ni kulewa. Kote kuwili si la ofisini. Sema "angry" au "drunk".

"Fanny" Marekani ni makalio, tena kwa upole, ndiyo maana kile kibegi cha kiunoni wanakiita "fanny pack". Uingereza neno hilo ni sehemu za siri za mwanamke. Mtalii wa Kiingereza kasahau kibegi chake kwenye gari? Kiite "bum bag", au sema "your small bag".

10. VIFUPISHO VYA KWENYE SIMU

Huyu ni adui wa kimyakimya. Mtu hatukani mdomoni, lakini kwenye grupu la WhatsApp la ofisi anaandika matusi kwa herufi kubwa.

WTF, F yake ni neno la F. STFU ni "nyamaza" yenye neno la F ndani. FFS nayo imo. "Tired AF", herufi ya mwisho ni hiyohiyo. LMAO, ile ya kucheka, A yake ni neno chafu la makalio. BS tumeshaisema.

LOL ni safi. SMH, ya kutikisa kichwa, ni safi. OMG inapita, isipokuwa kwa wale tuliowataja wa jina la Mungu.

Kanuni ni rahisi: kifupisho usichoweza kukisoma kwa kirefu mbele ya mkuu wako wa idara, usikitume. Na tofauti na neno la mdomoni, hiki kinapigwa skrinshoti.

WAPI UTUMIE LIPI

Ukiwa na marafiki wa rika lako: "freaking", "what the heck", "darn", "shoot" hayana neno.

Ukiwa kazini na wenzako: "oops", "oh my gosh", "oh no".

Ukiwa kwenye usaili, na mteja, kanisani, au mbele ya watoto: "oh my goodness", "oh dear", "oh no", "absolutely". Hapa hata tafsida za matusi ziache, maana msikilizaji anasikia na kilichofichwa.

Hujui uko kundi gani? Jihesabu uko la tatu. Na kusikia mgeni mwenyewe anatukana si ruhusa. Yeye kalizoea na anajua lini aache. Wewe utalipimia wapi?

LIKISHATOKA JE?

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi ukishajikwaa, cha kwanza usicheke. Kwetu kicheko kinaweza kuwa cha aibu, mgeni atadhani unafurahia.

Sema mara moja: "I'm so sorry. Excuse my language." Kisha endelea na kazi. Usianze kueleza kwamba Kiingereza ni lugha ya tatu kwako. Ukiandika kwenye barua pepe: "I apologise for my choice of words."

Upo pia msemo "pardon my French", yaani samahani kwa Kifaransa changu. Ni utani wa Kiingereza wa kuombea radhi tusi, haumaanishi umeongea Kifaransa. Usimwambie Mfaransa.

JINSI YA KUUZOESHA ULIMI

Tusi la mshtuko haliombi ruhusa kwa akili. Linatoka lile lililo karibu. Kwa hiyo kusoma orodha hii hakutoshi, inabidi ulihamishe tusi mbali na ulimi na neno jingine likae mahali pake.

Chagua neno moja tu. Si kumi. Tuseme "oh no". Kwa wiki mbili, kila ukisahau kitu, simu ikidondoka, umeme ukikatika, litamke kwa sauti, hata ukiwa peke yako chumbani. Rafiki yako mmoja mpe kazi ya kukutoza mia tano kila neno la S likikuponyoka. Pesa inafundisha haraka.

Turudi kwa yule kijana wa mapokezi. Trei ileile, glasi ileile, paa! Lakini safari hii linalomtoka ni "Oh no! I'm so sorry, madam. Please mind your feet."

Mama anawavuta watoto pembeni, wasikanyage vipande. Mmoja anauliza kama atapewa juisi nyingine. Kijana anachukua ufagio.